Mkono wa Mangi

Jumatatu asubuhi nilitoka nje nikakuta nguzo ya mbuzi haina kamba na mbuzi hayupo. Mume wangu Kiti alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa shati la kanisani, ndevu amenyoa, ametulia kama mtu anayengoja gari.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nimempa Sora."

"Umemuuzia?"

"Nimempa tu. Mimi nakufa, Mama Dzombo. Mbuzi wa nini?"

Nilimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, ila ameota. Aliota amesimama ukingoni mwa mto, kule kwenye mji wetu wa zamani, na ng'ambo akamwona Mangi, kaka yake mkubwa, ambaye tulimzika miaka saba iliyopita.

"Mangi ananiita," akasema. "Amesimama kule, na maji—"

Nikamkatiza hapo hapo. Chai ilikuwa inafurika jikoni, na yule mbuzi ndiye aliyekuwa akitupatia maziwa ya hiyo chai.

Mbuzi ningemvumilia. Lakini nilipomwekea kikombe mbele yake pamoja na vidonge vyake viwili vya presha, alichukua kikombe, vidonge akavisukuma pembeni kwa kidole, polepole, kama mtu anayemsogeza siafu.

"Hivyo ni vya mtu anayeishi," akasema.

Mwaka jana mdomo wa Kiti ulipinda siku tatu, na mkono wake wa kushoto ukawa kama umeazimwa kwa mtu mwingine. Nesi wa kule Garsen alituketisha wote wawili akatuambia wazi kwamba dawa zile hazirukwi siku hata moja, na kwamba kiharusi kikirudi hakitaondoka kwa siku tatu. Kiti alisikia. Aliitikia kwa kichwa. Sasa nilikuwa na mume anayejiua kwa sababu ameota atakufa. Na akifa kwa kukosa dawa, watu wangesema ile ndoto ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Jumanne alimpa Shee tezo yake ya kuchongea. Shee ni jirani yetu Mpokomo, mume wa Halima. Tulipanda nao huku juu mwaka wa mafuriko, na tulipokuwa kwenye mahema tulipika kwa sufuria moja, ya Halima, kwa zamu, na siku zote zamu ya kwanza alitupa sisi kwa kuwa tulikuwa na wajukuu wadogo.

Jumatano alimpa mjukuu wetu Janet redio. Janet, anayetuita hawe na tsawe, yaani bibi na babu kwa Kigiriama, akanifuata jikoni.

"Hawe, tsawe amenipa redio. Nimemwambia niko na simu. Anasema nichukue tu, nitamkumbuka nikiisikiliza."

"Irudishe."

"Nimerudisha mara mbili. Ananiletea tena."

Nikampigia simu mtoto wetu Dzombo, baba yake Janet, anayefanya kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji kule Hola. Nilimwambia amwamrishe baba yake ameze dawa. Nikampa Kiti simu. Nilimsikia akisema, "Mwanangu, lile shamba la chini nimekuachia wewe, mipaka Shee anaijua." Kisha akanirudishia simu, na Dzombo alikuwa analia. Kwa hiyo nikawa na wawili wa kubembeleza.

Nilijaribu kusaga vidonge kwenye uji. Akaonja kijiko kimoja, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Uji huu una chokaa." Akampa kuku. Nilimwangalia yule kuku mchana kutwa. Hakupatwa na lolote.

Na habari zikaenea, maana Kiti hakuificha ndoto yake. Watu walikuja kumwona, na kila aliyekuja alikuja na maana yake mkononi. Mzee mmoja wa kanisani akasema kuota kifo ni kuongezewa miaka. Nikamshukuru. Nikamwomba Kiti ameze dawa za hiyo miaka aliyoongezewa, akakataa. Mama mmoja akasema ukiota kifo chako si chako, ni cha mwingine wa nyumba hiyo hiyo, halafu akanitazama mimi. Mwingine akasema kifo ndotoni ni harusi. Nikamuuliza anayeoa hapa ni nani, huyu mzee au mimi. Wote walikunywa chai. Maziwa nilikuwa nayo, maana tangu Jumanne kila asubuhi nilikuta chupa moja mlangoni mwa jikoni. Nilijua ni Halima, kwa kuwa ndiye mwenye tabia hizo.

Alhamisi Kiti aliinuka kwenye kigoda akashika ukuta. Akasema anaona nyota, na kisogo kinamgonga.

"Unaona?" akaniambia. "Siku yangu inakaribia."

"Ni presha, Baba Dzombo."

"Presha ndiyo njia Mangi atakayopitia kunichukua."

Nilitoka nikaenda kumfuata mbuzi, kwa sababu nikibaki pale ningesema neno ambalo mke hamwambii mume aliyekaa naye miaka arobaini na mitatu. Sora ni Muorma, zizi lake liko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, jinsi ya kumwomba mtu arudishe zawadi. Sikuyatumia. Mbuzi wetu alikuwa amefungwa peke yake kivulini, mbali na wengine.

"Nimemtenga asichanganyike, mama," Sora akasema. "Mzee alikuja alfajiri, akanipa kamba, hakuketi, hata chai hakunywa. Mtu hatoi mbuzi akiwa amesimama. Nikajua hayuko sawa. Maziwa mnapata?"

"Maziwa gani?"

"Ya mbuzi wenu. Mke wangu analeta kila asubuhi. Anaweka mlangoni, hataki kuwaamsha."

Nilisimama pale nikiwa nimeshika kamba. Nilikuwa nimemshukuru Halima mara mbili kwa maziwa yale, na Halima, nadhani, alifikiri uchovu umenichanganya akili, akanyamaza asiniumize.

Ijumaa ikawa siku ya tano bila dawa. Halima alikuja saa nne akiwa na bakuli la uji wa mchele. Mimi nilikuwa uani na ungo wangu, nachagua mawe. Alivuta mkeka akakaa karibu na kigoda cha Kiti.

"Shemeji, hiyo ndoto nimeisikia kwa watu, kwako sijaisikia. Niambie tangu mwanzo. Sina haraka."

Nikapumua kwa nguvu ili wasikie. Kiti akaanza. Mto, ukingo, Mangi.

"Alivaa nini?" Halima akauliza.

"Kaptula. Kifua wazi."

"Mkavu?"

"Chepechepe. Amesimama ndani ya maji, yanamfika magotini. Anatetemeka, meno yanagongana, nayasikia hadi huku niliko."

Hayo nilikuwa sijayasikia. Siku tano alinieleza, na siku tano nilimkata palepale penye "ananiita".

"Akakuitaje? Kwa jina?"

"Hakusema neno. Alininyooshea mkono."

"Nionyeshe."

Kiti akanyoosha mkono wa kulia. Kiganja kilitazama juu, vidole vimekunjuka kidogo.

Nikaweka ungo chini.

"Nyoosha tena," nikasema.

"Umeanza kunisikiliza leo?"

"Nyoosha."

Akanyoosha. Kiganja juu.

"Sasa niite mimi. Fanya niko jikoni, unataka nije hapo. Niite kwa mkono."

Akanipungia kwa kuudhika, jinsi sisi sote tunavyoitana, kiganja chini, vidole vinakwaruza hewa kuelekea kwake.

"Na huo uji, mwombe Halima."

Mkono ukageuka. Kiganja juu. Akauacha hapo hewani, akautazama kana kwamba ameuokota njiani. Halima alivuta mtandio akafunika mdomo.

"Mangi hakuiti," nikasema. "Anaomba."

Kuku alipita kati yetu, yule aliyekula dawa.

"Anasikia baridi," Kiti akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa tofauti.

Sikuhitaji kumweleza zaidi. Wagiriama wa umri wetu hawaelezwi hayo. Mangi hakuacha mtoto, kwa hiyo alipofariki ni Kiti aliyemchongea koma, kile kijiti chenye kichwa na shingo ambacho humsimamia marehemu nyumbani kwake, akakisimika kando ya nyumba na kukifunga vitambaa. Kila mwaka alikibadilishia vitambaa. Kisha maji yakaja. Tulikimbia na wajukuu na magodoro mawili. Tukajenga huku juu. Hatukurudi kule ila kulima, na pale palipokuwa na nyumba pana matope na majani. Mangi tulimwacha ndani ya maji na kaptula, na hakuna aliyemtaja tangu siku hiyo. Hata mimi, ambaye Mangi alikuwa akinibebea kuni nilipokuwa mjamzito wa Dzombo, na vijana wenzake wakimcheka.

Mimi ni mtu wa kanisa. Naimba na akina mama kila Jumapili, na sijui kama marehemu husikia baridi. Lakini nilikaa siku tatu juu ya tuta na nguo iliyolowa, na baridi ile naijua. Na nilijua jambo jingine, kwamba mume wangu hatameza kidonge mpaka kaka yake apate nguo.

Kiti alikuwa ameshasimama, ameshika ukuta.

"Naenda kuchukua tezo."

"Ulimpa Shee."

"Ndiyo."

"Utamwambiaje?"

Akafikiri. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nakiri nilifurahi kidogo.

"Kaa kwanza," nikasema. "Dawa."

"Mangi anaganda, mama, wewe unasema dawa."

"Mangi amengoja tangu mafuriko. Atangoja umeze vidonge viwili. Nyoosha mikono yote nione."

Akanyoosha. Ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa.

"Huo ndio mkono wa kuchonga shingo? Utachonga kidole chako."

"Na nikimeza halafu nife?"

"Ukifa atachongewa na nani? Na mimi?"

"Shemeji, meza," Halima akasema. "Hata mimi nimechoka, na nimekuja leo tu."

Akameza. Niliketi mbele yake nikamwambia afungue mdomo, akafungua, nikatazama chini ya ulimi. Akasema mimi ni mwanamke mbaya. Nikamwambia anywe maji.

Tezo aliileta Shee mwenyewe jioni ile, kabla hajaombwa, nadhani Halima alisema. Ilikuwa imenolewa na kutiwa mpini mpya.

"Niliona mpini umelegea," Shee akasema, "nikakutengenezea." Hakusema lolote kuhusu zawadi.

Kuchonga kulichukua siku nane, maana kila asubuhi nilishika tezo mimi mpaka vidonge vishuke. Kile kijiti cha zamani hakikutafutwa. Katika ukoo wa Kiti hakihamishwi, huchongwa kingine penye mji mpya. Janet aliomba vipande vya nguo kwa fundi wa Garsen, chekundu, cheupe na cheusi, na fundi alipojua ni vya nini akavipinda kingo ili visichanike kwa upepo. Siku ya kukisimika Kiti alimwaga pombe ya mnazi chini na kusema na kaka yake. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia akimwambia, "Utusamehe, maji yalikuja haraka."

Jumapili mchungaji alipita. Alikiona kijiti cha Mangi, kwa kuwa kiko wazi. Akauliza habari za presha, akanywa chai, akamwombea Kiti afya, akaenda zake.

Kule kliniki, nesi alisoma mashine, akasema presha imeshuka lakini si ya kujisifu. Halafu akatazama kadi akahesabu vidonge. "Hizi siku mlizoruka mlikuwa wapi?" Kiti akaninyooshea kidole mimi. Nilikuwa nimechoka kusema.

Mambo yakatulia wiki mbili. Mbuzi yuko kwenye nguzo yake. Redio imerudi, japo sasa Janet ndiye aliyekuwa ameanza kuipenda. Kisha juzi nikamkuta tena kwenye kigoda asubuhi, uso umemshuka. Nikatazama kwanza kamba ya mbuzi. Mbuzi alikuwepo.

"Umeota," nikasema.

"Nimeota."

Safari hii nilivuta mkeka nikakaa. "Niambie tangu mwanzo."

"Mangi yuko ng'ambo, juu, si ndani ya maji. Mkavu. Amejifunga nguo mabegani. Anakwenda zake shambani."

"Basi ni vizuri."

"Nilimwita. Hakugeuka." Akavuta pua. "Siku nane nachonga, mgongo unaniuma. Hata asante hakusema, Mama Dzombo. Hata kunitazama."

"Ulitaka akuite?"

Alifikiri sana, nikamwona akifikiri. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, bila kunitazama, bado amenuna, na nikamwekea vidonge vyake viwili.