Bakuli la Karafuu

Tulipokuwa Mutsamudu nilimfundisha mbwa wangu, Karafuu, kunusa jasho langu sukari ikishuka mwilini, kisha anilambe mkono kunionya. Kosa langu, heri ningemfundisha kukwaruza mlango. Kila aliponilamba, Mama alininywesha maji ya sukari, halafu akaleta bakuli lenye udongo ninawe mara saba, moja kwa udongo, huku akilalamika kwamba nimemjazia nyumba najisi.

Mwaka 1997 kisiwa chetu kilipojitenga na visiwa vingine, tulikimbilia Moroni kwa boti. Nahodha alimkataa mbwa, tukamwacha mji wa jirani, Mirontsy, kwa binamu yangu.

Miaka miwili sasa, Mama hajamtaja Karafuu hata siku moja. Ila bakuli alikuja nalo. Liko karibu na mtungi, na kila Ijumaa hubadilisha udongo.