Mbeleko ya Mbao

Tangu yule mchoraji mpya aingie karakanani, Fundi Dada hakuwahi kumaliza chai yake ikiwa moto. Kikombe kilipoa juu ya michoro huku masikio yake yakiwa upande wa pili wa ukuta, ambako mdogo wake alikuwa akicheka. Kicheko hicho alikijua tangu kikiwa cha meno mawili, na hakukumbuka kumgawia mtu.

Mchoraji mpya alitembelea kiti cha magurudumu na alijiita mwenyewe Magurudumu, kuwapunguzia watu, alisema, kazi ya kumtafutia jina akiwapa kisogo. Mwenye karakana alitaka mashua ndogo ya tanga ambayo mtu asiyetumia miguu ataiendesha peke yake. Kila mchoraji akaunda ya kwake, na wa kuchagua akawa mdogo wake Fundi Dada, ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba. Fundi Dada akahesabu kwamba ameshashinda. Damu ni nzito kuliko maji, hata yawe maji ya ziwa zima.

Tena nani aliyemjua kumshinda yeye? Alimbeba mgongoni shuleni, sokoni, harusini. Alijua kiuno chake kinavyokaa na bega lipi huchoka kwanza. Kiti cha mashua alikichonga kwa kumbukumbu hiyo, bila kupima: egemeo refu, sponji nene, mikanda miwili. Nyuma yake akaacha nafasi ya mtu wa pili. Alipoulizwa ya nini, alisema ya dharura.

Asubuhi ya majaribio, mwenye karakana akitazama kutoka gatini, walianza na mashua ya Fundi Dada, na kwenye nafasi ya dharura alikaa yeye. Upepo ukiwa nyuma, mashua ilikwenda kama imepakwa mafuta. Shida ilikuwa kurudi. Kurudi dhidi ya upepo ni kubisha: unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande ule, na kila ukigeuza mwili wako sharti uhamie upande wa upepo, mashua isilale. Mdogo alikuwa amefungwa katikati ya starehe yake. Mashua ikainama, naye akainama nayo. Fundi Dada akamnyang'anya mti wa usukani, akabisha yeye mpaka gatini.

Alipotua nchi kavu, mdogo akamgeukia.

"Dada, hiki ulichonichongea si kiti. Ni mbeleko ya mbao."

"Mbona kwenye mbeleko ulikuwa unalala mpaka unanitemea udenda?"

"Nililala, ndiyo. Leo nimekuja kubisha."

"Kubisha hujaanza leo."

Magurudumu alicheka, akajifanya anakohoa.

Mashua yake yeye ilikuwa na kiti kigumu kama benchi la kituo cha basi, ila kiliteleza juu ya reli kutoka ubavu hadi ubavu. Mtu alijivuta kwa mikono tu. Mti wa usukani ulikuwa mfupi, mbele ya mapaja. Nafasi ya mtu wa pili haikuwepo. Fundi Dada aliikagua kama mke mwenza anavyokagua sufuria ya mwenzake, na kasoro akaipata: nati ya mwisho wa reli, upande wa kushoto, ilizunguka kwa kidole.

Asingezama mtu. Kiti kingefika pale kikwame, tanga libaki kupigapiga mbele ya mwenye karakana, na wa kwenda kumchukua mdogo mtu angekuwa nani kama si dada yake? Aliionja picha hiyo ulimini kama peremende.

Mdogo alikuwa ameshaanza kuingia mwenyewe, akijiburuta juu ya ubao, na Magurudumu akimwambia aende taratibu, tako halina spea. Kile kicheko tena.

Fundi Dada akapiga magoti ukingoni mwa gati, akanyoosha mikono. Mdogo alipoiona ikija kiunoni kwake, akajivuta pembeni.

"Usinifunge, Dada."

Peremende ikageuka shubiri. Fundi Dada alitoa spana mfukoni.

"Sikufungi. Nati ya shoga yako imelegea kama jino la mtoto." Akaikaza mpaka kiganja kikamuuma. Magurudumu akasogea, akaona, akaanza kushukuru. Akaambiwa ashukuru nati.

Kilichobaki ni kamba ya gati, na ilikuwa mkononi mwa Fundi Dada. Mdogo aliitazama ile kamba, kisha akamtazama yeye.

"Iachie."

Akaiachia.

Kule kati mashua iligeuka. Kiti kikateleza kushoto, kikagota mwisho wa reli, na nati ikashika. Ikageuka tena, safi zaidi. Magurudumu alinong'ona kwamba binti anabisha kama mzoefu, akauliza nani alimfundisha.

"Mimi," alisema Fundi Dada. "Nikimbeba, alikuwa akinivuta sikio la kushoto, nakata kushoto. La kulia, kulia. Mashua yake ya kwanza ni mimi, usije ukasahau."

Mashua ilikuwa imekaribia gati, karibu kiasi cha kurushiwa kamba. Fundi Dada akaikunja tayari, akasogea mbele ya magurudumu ya mwenzake ili wa kuirusha awe yeye. Mdogo aliwapungia wote wawili mkono mmoja, akajivuta upande wa pili, akabisha. Mashua ikawapa mgongo.

Fundi Dada hakuishusha kamba.