Kikunio cha Nunzia

Jumapili asubuhi Nunzia Sferrazza alikuwa anakuna jibini kwa mkono mmoja, huku kwa mwingine akipunguza moto chini ya mtambo wa gongo. Mtambo ulikuwa wa shaba. Ulichukua nusu ya jikoni, na bomba lake lilipita juu ya kitanda cha Lillo kabla ya kushuka kwenye ndoo. Harufu ya chachu ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye mkate na kwenye nywele. Mtaa mzima wa Taylor ulinuka hivyo hivyo, maana tangu serikali ipige pombe marufuku, ni wanawake wachache wa Kisisilia pale Chicago ambao hawakuwa wanawapikia gongo wakubwa wa magendo. Askari wa zamu alipita kila wiki, akanusa, akakohoa, akachukua bahasha yake kwa muuza mboga na kwenda zake.

Wakubwa wa Nunzia walikuwa vijana aliowafuta kamasi mwenyewe. Vanni Scozzari, ambaye juzijuzi tu alikuwa mwizi wa chupa tupu, sasa alivaa koti lenye kola ya manyoya na kuitwa bwana na watu wenye mvi. Lillo, mtoto wa pekee wa Nunzia, alikuwa dereva wake. Hakuna aliyejua kukanyaga klachi kama Lillo. Gari lake liliondoka taratibu mpaka aliyekaa nyuma akadhani nyumba ndizo zinazoondoka.

Vanni aliingia bila kubisha hodi, akamega jibini, akasema kesho wanakwenda kumsalimia don Gaspare, mzee aliyeushika mtaa tangu wao hawajazaliwa. Wakishamsalimia, mtaa utakuwa wao. Salamu hizo Nunzia alizijua. Aliuliza nani ataendesha.

"Sasa nani mwingine, donna Nunzia? Mwanao ana miguu ya dhahabu."

"Ana miguu ya baba yake. Na baba yake yuko makaburini."

"Basi akija alfajiri mwambie atuombee," alisema Vanni.

Hakuwa anatania. Kesho yake ilikuwa Siku ya Marehemu, na kwa Wasisilia siku hiyo marehemu wa nyumba hurudi kabla ya kengele ya kwanza, wakawaletea watoto wao wanasesere wa sukari na matunda ya unga wa lozi. Mtoto aliyefanya mabaya hawampi kitu. Huyo humkuna nyayo kwa kikunio cha jibini. Ndiyo maana kila mama mwenye huruma hukificha kikunio chake kabla ya kulala. Nunzia alikuwa akikificha ndani ya pipa la unga tangu Lillo anaota meno, na hakuacha alipoota ndevu, kwa sababu machoni pa marehemu mtoto hakui.

Mchana kutwa alikuwa anamfikiria mtu anayebaki kwenye usukani. Wenzake hushuka, hukimbia, hujibanza ukutani. Yeye hubaki amekaa nyuma ya kioo, injini ikiwaka, na risasi zikirudi zinamkuta pale pale. Jioni alikiosha kikunio, akakikausha, akakisimamisha katikati ya meza. Kisha akakaa mbele yake na kulia, kwa kuwa alimpenda mwanawe na alijua itamuuma.

Saro, mumewe, aliingia alfajiri akiwa na koti lake la reli, lile alilokufa nalo. Alibusu paji la uso wa Nunzia, akaweka mezani kapu la matunda ya lozi, akaulalamikia mtambo kwamba unabana njia. Nyuma yake mlangoni alisimama mtu mrefu, mwenye tundu kwenye koti, kofia mkononi.

"Samahani, mama," alisema yule mtu. "Mimi siyo wa ukoo wenu."

"Ingia, ndugu, unaingiza baridi," alisema Saro.

Alikuwa Kazimierz Wrona, Mpolandi aliyekuwa akimsafirishia don Gaspare mapipa ya bia kwa lori. Wakati wa joto Vanni alimpiga risasi darajani, na Lillo ndiye aliyelisogeza gari ubavuni mwa lori, sawasawa, bila kuyumba. Nunzia alimpa kiti na kahawa. Wrona alieleza kwamba kwao walio hai ndio huwaendea wafu, na mishumaa, na nyumba hufungwa kwa ufunguo. Jana mkewe na bintiye walikwenda kumwona kaburini wakati yeye amesimama mlangoni kwao. Walipishana. Alitoa mfukoni viatu vyekundu vya mtoto, akaomba mtu amfikishie huyo bintiye, Jadzia.

Nunzia alivipokea. Saro alikuwa anakitazama kikunio.

"Umesahau kukificha."

"Sikusahau," alisema Nunzia.

Saro alikwenda kumshika mwanawe vifundo vya miguu. Wrona alikuna, bila haraka na bila chuki, kama mtu anayemaliza kazi ya siku. Lillo alifumbua macho, akawatambua wote wawili.

"Baba, polepole."

"Vumilia, mwanangu," alisema Saro.

Kengele ya kwanza ilipolia walikuwa wameshaondoka, na nyayo za Lillo zilikuwa laini na nyekundu kama za kichanga. Hata shuka ilimchoma. Vanni alipokuja kumchukua alizitazama, akauliza kama marehemu wamepita. Aliambiwa wamepita. Alimtazama Nunzia na kikunio kilichokuwa mezani, akasema uzee ni kitu kibaya, akashuka kumtafuta dereva mwingine.

Alimpata Turi, mtoto wa Mena wa ghorofa ya chini. Don Gaspare alisalimiwa, mtaa ukawa wa Vanni, na Turi akazikwa Ijumaa kwa maua mengi mno. Mama yake alikuwa amekificha kikunio vizuri, ndani ya unga, kama mama mwema. Baada ya mazishi alikitoa, akakipangusa, akakitundika kwenye msumari nje ya mlango wake. Hakumweleza mtu. Baada ya Krismasi mlango wa jirani ulikuwa na chake, kisha ngazi nzima. Vanni alipopita kukusanya gongo aliona ni mtindo mpya, akausifu.

Lillo alikaa kitandani majira yote ya baridi akichambua dengu. Pasaka ilipokaribia ngozi ilikuwa imeshika kidogo. Alivaa ndala za baba yake, akaenda kwa miguu mpaka kwa Wapolandi, akisimama kila kona kupumzika. Mjane wa Wrona alifungua mlango, akavitazama viatu vyekundu mkononi mwake.

"Baba yake Jadzia alivileta kwetu," alisema Lillo. "Hapa alikuta pamefungwa."

"Tulikuwa makaburini."

"Alisema."

Jadzia alikuwa ameshavichukua na amekaa chini kuvivaa. Mjane alimuuliza Lillo yeye ni nani. Angeweza kusema jirani, akaenda zake.

"Mimi ndiye niliyeendesha lile gari."

Mjane alishika mlango. Hakuna anayesamehe jambo kama hilo kizingitini, na yeye hakusamehe. Alimwona anasimama kwa shida, akamwambia avue ndala. Lillo alivua, akaonyesha nyayo, akaeleza habari ya kikunio. Mjane aliziangalia kwa muda mrefu, ya kushoto, kisha ya kulia.

"Alikukuna mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi mwaka huu mlango sitaufunga," alisema mjane.

Wakati Lillo anarudi, gari la Vanni lilimpita mtaani, na dereva mpya, kijana mdogo, alimpigia honi kwa heshima. Askari alikuwa anatoka kwa muuza mboga akitia bahasha mfukoni. Jikoni mtambo ulikuwa unadondosha kama kawaida, na Nunzia alikuwa anakuna jibini.

"Vimemtosha?" aliuliza.

"Vimemtosha."

Nunzia alikiosha kikunio, akakirudisha nje kwenye msumari wake, akaja kupunguza moto.