Misumari Imo Njiani

Ulimwona. Usiniambie vumbi lilikuwa jingi. Ulipita barabara ile ya Issuna, ukaona mwanamke mzima kalala kifudifudi juu ya bati, kanga yake imejaa upepo, ukafunga kioo. Basi nitakueleza alifikaje kule juu, maana mimi sisahau.

Ilikuwa mwaka sabini na tano. Tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba mistari mistari, zote zinatazama barabara. Akina mama wanashinda shamba la kijiji, watoto wanashinda upeponi. Marietha alikuwa mjane mwenye mjukuu mmoja tu, Stumai, miaka minne, kifua kikikoroma kila pepo za kipupwe zikianza. Akasema, "Nyumba ya chekechea nitaijenga mimi."

Hakuwa na ramani ya karatasi. Siku tatu alilizunguka lile jiwe kubwa nyuma ya kijiji, akirusha vumbi hewani kuona linaelekea wapi. Akajenga tembe, nyumba fupi ya udongo kama zile tulizohamishwa, upande wa magharibi, jiwe lipokee upepo kwa mgongo wake. Nguzo za mpingo, mchwa hawaziwezi. Paa la udongo mnene. Madirisha akayashusha usawa wa kifua cha mtoto, na maji ya mvua yanayoteremka jiweni akayachimbia kisima. Watoto ishirini na sita walilala humo mchana. Stumai naye alilala, na hakukoroma.

Ndipo akaja Bwana Antipasi, kijana wa wilayani, soksi nyeupe. Mwenyekiti wetu Mughwai, kichwa kizima mvi, ndiye aliyeamkia.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba." Hakuona haya. "Hili shimo la nani?"

"Si shimo, baba," Marietha akasema. "Ni chekechea."

"Tumewatoa kwenye matembe, mnatujengea tembe? Mgeni mkubwa anapita mwezi ujao. Ataona nini, jiwe?"

"Ataona watoto. Akishuka."

Wanawake wakacheka. Antipasi akakunjua ramani: tofali, bati, mlango unatazama barabara.

"Huko ni mashariki, baba. Upepo utaingia mlangoni utoke na paa."

"Mama, wewe umesoma darasa la ngapi?"

Akakunja ramani.

"Bomoeni. Ni kazi ya kujitolea. Asiyetaka, mwenyekiti, niandikie jina lake. Yale mahindi ya njaa yana orodha."

Marietha alibomoa kwa jembe lake mwenyewe. Nguzo za mpingo zikapakiwa kwenye Landrova. Zilikwenda wapi? Muulize Antipasi.

Tofali zikapanda, bati zikaja. Misumari ilikuja ya kujaza viganja viwili. "Mingine imo njiani," akasema Antipasi, na kila wiki akasema hivyo hivyo. Tukapanga mawe juu ya paa.

Siku ya mgeni upepo uliamka kabla ya jogoo. Kufikia saa nne bati zilikuwa zinapiga makofi, na mawe mawili yalikwishaanguka. Antipasi akawaingiza watoto ndani waimbe.

"Mwanangu, nakuomba," Marietha akasema, "waimbie hapa nje."

"Wakiwa nje ataona hawana darasa."

"Paa halina misumari."

"Imo njiani!"

Ndani Stumai alikuwa benchi la mbele, anaimba neno moja, anakohoa mawili. Bati la juu yake likainuka, jua likamwangukia usoni, likafunga. Likainuka tena.

Marietha akajifunga kanga. Akapanda kwenye rundo la tofali zilizobaki, akalala juu ya lile bati, mikono kaitandaza.

"Mama, shuka! Unatutia aibu!"

"Misumari ndiyo hii, imefika," akajibu.

Mama mwenzake, Felista, akapanda. Raheli naye akapanda, na mimba yake ya miezi sita. Mughwai alitazama viatu vyake. Magari yakaja, matano, yakapunguza mwendo kidogo ili wimbo usikike, yakapita.

Lako lilikuwa la ngapi?

Bado wako juu. Upepo haujatulia, na hakuna aliyewaambia watoto waache kuimba. Weka chini unachosoma. Chukua nyundo, uje. Na kama misumari huna, usikae kuingoja ya wilayani: njoo na uzito wako, kuna bati la nne halijalaliwa na mtu.