Plastiki Iliyogoma Kupona

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, kwenye maabara tunakotengeneza plastiki inayojiponya. Nimeshika kisu. Nimeichana plastiki, nasubiri jeraha lifunge lenyewe. Halifungi.

"Siponi," ikasema plastiki. "Umenipanga vibaya."

Nikaomba radhi, maana ni kweli. Plastiki yetu ni minyororo ya monoma, vipande vidogo mno vya aina mbili, vigumu na vilaini. Ukivipanga kwa kupishana, kigumu, kilaini, kigumu, kilaini, minyororo hulaliana na kushikana. Hata ukiikata hutafutana tena. Ukiweka vigumu vyote huku na vilaini vyote kule, jeraha hubaki wazi.

"Nani alikufundisha kutenga?"

"Hakuna," nikajibu. "Najua mwenyewe."

Hapo maabara inakuwa uwanja wa nyumbani kwetu Lushoto, siku ya maziko ya baba. Wana wa mama yangu wamekalia mikeka mipya. Wana wa mke mdogo wa baba wako kule kwenye matope, wamekalia majani ya migomba. Ndivyo ilivyokuwa kweli, miaka minne iliyopita, na aliyesema wakae kule ni mimi.

Baba ameketi katikati na sanda yake. Kifua kimechanika kama ile plastiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Panga upya."

Nikapanga. Dada yangu, kisha mmoja wa kwao. Mdogo wangu, kisha mwingine wa kwao. Wakashikana mikono. Kifua cha baba kinafunga taratibu, kinalia kama zipu. Mimi naandika vipimo kwenye daftari, nafurahi.

Pakabaki upana wa kidole.

"Imebaki nafasi moja," akasema baba. "Ubavuni kwa Hizza."

Hizza ndiye mkubwa wa wana wa mke mdogo. Yeye ndiye aliyechimba kaburi tangu alfajiri, halafu nikamzuia asishuke kumpokea baba. Sasa amenyoosha mkono wa kulia.

"Njoo, kaka."

"Mimi siwezi. Mimi ndiye ninayepanga."

"Mpangaji naye ni monoma," akasema baba, bila hasira.

Nikautazama mkono ule. Nikalitazama daftari. Nikaandika: sampuli haikupona.

Baba akawaaga wageni mmoja mmoja, akajilaza na kifua chake wazi. Watu wakarudi kwenye mikeka na kwenye matope. Hizza hakuushusha mkono.

Nikaamka kumekucha. Kwenye simu kuna ujumbe, kutoka namba niliyoifuta mwaka ule wa msiba. Nimeifuta, ila kichwani haijatoka.

"Kaka Mbelwa, samahani kwa usumbufu. Nimeamka mkono wa kulia umekufa ganzi, kama niliunyoosha usiku kucha. Wewe huko umeamkaje?"