Mteja wa Kila Asubuhi

Fundi cherehani na wifi yake walianza kuuza vitu mtandaoni mwezi uleule. Fundi aliuza kila kitu, leo manukato, kesho sufuria, na hakuna aliyenunua. Wifi yake aliuza viatu. Eti viatu tu, tena vya wanawake wenye miguu mikubwa! Oda zikamiminika, na wivu ukamkaba fundi roho. Akafungua akaunti ya jina la uongo, na kila asubuhi, hata uso hajanawa, akawa anamchokonoa mwenzake: "Mbona havina visigino? Vya harusi je, au hamjui kazi?"

Siku moja akaenda kumtembelea. Maboksi yalikuwa yamejaa hadi mlangoni.

"Wifi yangu, kuna siku natamani kuacha," mwenyeji alisema huku akifunga oda. "Ila kuna mteja mmoja mkorofi, hajanunua hata kamba. Kila anachouliza nakitafuta, na watu wanakigombania. Huyo ndiye anayeniamsha. Ningemjua, ningempa jozi bure."

Fundi, miguu yake ya namba arobaini na tatu, iliyobanwa ndani ya viatu vya arobaini na moja, akaivuta taratibu chini ya kochi.