Koti la Serikali

Tangu manispaa ilipompa koti la kazi lenye mistari ya kung'aa, mtaa mzima ulimwita Serikali. Alikuwa fundi rangi tu, lakini jina lilimkaa, na tuseme ukweli, alilipenda.

Safari hii kazi ilikuwa kupaka X nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa kupisha barabara. Mhandisi alitangulia akinyoosha kidole: hii, hii, na ile. Hakuwa na desturi ya kugeuka nyuma. Serikali alifuata na kopo na brashi.

Kidole kikaangukia nyumba ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Karibu, Serikali," alisema. "Fanya kazi yako."

"Dada, hii ni amri kutoka juu."

"Huko juu nakusikia tu. Aliyesimama mlangoni kwangu ni wewe."

Serikali alichovya brashi, akaitazama, akairudisha koponi, akapita akijifanya hamnazo. Mhandisi alikuwa keshafika mbali.

Majirani waliona. Hakuna aliyelalamika, walifanya jambo baya zaidi, walifikiri. Kama nyumba moja inaweza kurukwa, basi alama yenyewe ni rangi tu. Jioni ile mtaa ulinuka mafuta ya taa, kila mtu anasugua mlango wake. Tingatinga lilipofika asubuhi, dereva alijikuna kichwa. Aliambiwa abomoe zenye X, na hakuna iliyokuwa nayo. Akazima injini, akajilalia humo humo.

Kesho yake Serikali na mhandisi wakarudi kupaka upya. Sasa mhandisi alitembea nyuma, na wakaanzia kwa dada. Dada akaegemeza mgongo mlangoni. Jirani yake naye akafanya hivyo hivyo kwake, na wa mbele yake, hadi mwisho wa mtaa.

"Paka," mhandisi alisema.

"Nimpake dada yangu?"

"Paka, au vua koti."

Aliogopa, tena si kidogo. Kazi nyingine hakuwa nayo. Akavua koti, akalikunja vizuri kwa mazoea, akamkabidhi pamoja na brashi. Mhandisi alipokea koti. Brashi hakuigusa, akaiacha ianguke chini. Kisha akapiga simu.

Dada alisogea kidogo, akampa mdogo wake nafasi mlangoni.

"Simama vizuri," alimwambia, kama alivyokuwa akimwambia zamani akimvisha sare ya shule.

Kabla ya saa sita aliletwa fundi mwingine, mgeni kabisa mtaani. Koti lilimkaa barabara, pengine kuliko lilivyomkaa mwenzake. Watoto wakamkimbilia wakipiga kelele:

"Serikali! Serikali!"

Na yule wa mlangoni akaitika, kabla hajakumbuka kwamba si yeye aliyeitwa.